Sentimita mbili mlangoni

Ukifungua mlango wa choo cha wageni nyumbani kwangu, kinachokupokea si kioo wala sinki. Ni utepe wa kigae wenye upana wa sentimita mbili, umebanwa kati ya kizingiti na kigae kizima cha kwanza, na umepasuka mahali patatu. Fundi alipomaliza kuujazia grauti alijifuta mikono akaniambia, "Mama, hapo mgeni haoni." Sijapata bado mgeni asiyeona. Wengine huuliza kwa upole kama vigae viliisha.

Havikuisha. Ilikuwa hesabu ndogo tu ambayo hakuna aliyeipiga. Sakafu ile ina urefu wa mita 2.44 kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Vigae ni vya sentimita 40 kwa 40, na kati ya kimoja na kingine pana mwanya wa milimita 3. Fundi alianza kwenye kona ya ndani na kigae kizima, kama wafanyavyo mafundi wengi, akaja nacho kinyumenyume kuelekea mlangoni. Vigae sita pamoja na mianya yake vinakula mita 2.418. Zinabaki milimita 22, na zinaangukia mahali pekee ambapo kila anayeingia lazima akanyage.

Angeweka vigae vitano vizima katikati, akakata kipande cha sentimita 21 nyuma ya bakuli la choo na kingine kama hicho mlangoni, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini ili ujue hivyo kabla ya kuchanganya saruji, lazima kuwe na mahali ambapo chumba kizima kimeshatandikwa vigae bila kigae hata kimoja kubandikwa. Mahali hapo ni mchoro. Katika ramani ya nyumba yangu, iliyopigwa mihuri yote ya halmashauri, choo kile kilikuwa na mistari minne ya kuta, alama ya bakuli na neno "WC". Habari za vigae zilikuwa kichwani mwa fundi, na fundi alikuwa na haraka ya kwenda saiti nyingine.

Bafu la chumbani lilikuwa bado halijaguswa. Hapo ndipo mtoto wa dada yangu, anayesomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, alipokuja kula ubwabwa wa Jumapili akaona utepe wangu. Hakucheka, na hilo nililihesabu. Alisema tu, "Mama mdogo, hili lingechorwa nusu saa." Nikamwambia basi achore la pili.

Nusu saa ikawa Jumapili mbili.

Ya kwanza iliishia kwenye kupima. Nilidhani atafungua kompyuta mpakato. Badala yake aliomba futikamba na mtu wa kushika upande wa pili. Kila ukuta alipima mara tatu: chini, usawa wa kiuno na juu karibu na lenta. Kisha akapima kona kwa kona, ulalo mmoja na wa pili. Kama chumba ni mraba wa kweli, ulalo wote hulingana. Wa kwetu ulipishana kwa sentimita 2 na nusu. Ukuta wa dirisha, ambao kwenye ramani unasomeka mita 1.90, ulikuwa 1.88 chini na 1.905 juu. Nyumba ile imejengwa kwa tofali za saruji na kupigwa lipu kwa mkono, kama nyumba nyingi za mtaani kwetu, na sioni aibu kuisema. Kasoro ni kuchora chumba cha ramani badala ya chumba kilichopo. Kompyuta haijui kwamba ukuta wako una tumbo. Ukiiambia 1.90 itakuchorea 1.90 iliyonyooka, na vipande vya kona vitakavyotokea hapo vitakuwa vya nyumba ya mtu mwingine.

Kitu cha pili alichodai ni boksi moja la vigae. Nilikuwa nimeshachagua vya ukutani, sentimita 30 kwa 60, na nilitaka kwenda kununua vyote kwa mkupuo kwa sababu gari la kukodi ni lilelile. Akakataa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni jina la ukubwa tu, alisema, na kipimo halisi huwa pembeni kwa maandishi madogo. Kigae kinachoitwa 60 kinaweza kuwa na sentimita 59.7 kikitoka kiwandani, hasa vile vilivyosawazishwa kingo kwa mashine. Milimita 3 si kitu, ila ukivipanga vinane mfululizo umepoteza sentimita 2.4, na sentimita mbili mimi nilikuwa nazijua vizuri. Tulipima vitano vya boksi letu. Vilikuwa 300 kwa 600 kamili. Bahati.

Jumapili ya pili ndipo kompyuta ikafunguka, na hapo nami nikaleta ujuzi wangu. Nilikuwa nimepakua Sweet Home 3D, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret. Uzuri wake ni kwamba ukishaiweka kwenye kompyuta haikuli bando. Nilikuwa nimechora bafu langu, nikavisha kuta picha ya kigae cheupe chenye mishipa ya kijivu, nikageuza chumba huku na huku kama mtu wa runinga. Kilipendeza sana. Kijana akakitazama, akauliza swali moja: "Hapa kona ya mlangoni, kipande ni sentimita ngapi?"

Sikuwa na jibu, na programu nayo haikuwa nalo. Nilichokuwa nimefanya ni kubandika kitambaa chenye picha ya vigae. Picha hiyo hujirudia yenyewe ukutani kuanzia kona ambayo programu imeichagua, si kona ambayo fundi angeanzia. Kwa hiyo vipande vilivyokatwa vilionekana, lakini vilikuwa vipande vya kubahatisha. Programu nyingi za namna hii hukuruhusu kuisogeza picha ianzie unapotaka, na AutoCAD, mzee wao aliyezaliwa 1982, hukuruhusu kuhamisha mahali ambapo mistari ya kujazia inaanzia. Wengi wetu hatufiki huko. Tunaona chumba kinang'aa, tunakwenda dukani. Nimeshaona picha za aina hii zikitumwa kwa mafundi kwa WhatsApp, zina mwanga wa jua na ua kwenye chupa, na fundi anajibu kidole gumba. Hakuna anachoweza kujenga nacho pale. Ni kama kumpa mpishi picha ya pilau.

Yeye alitumia SketchUp, ile iliyotengenezwa Boulder, Colorado, ikatoka mwaka 2000, Google wakainunua 2006 kisha wakaiuza kwa Trimble 2012. Toleo la mtandaoni lina sehemu ya bure, ila bando ni lako. Namna yake ya kufanya kazi ilinishangaza kwa urahisi wake. Anachora mstatili mmoja wa milimita 600 kwa 300. Anaufanya komponenti, yaani anauambia mtambo kwamba huyu ni mtu mmoja mwenye mapacha wengi watakaokuja. Anaunakili hatua ya milimita 602, kigae na mwanya wake wa milimita 2, kisha anaandika x2, na vigae viwili zaidi vinajipanga vyenyewe. Safu nzima anainyanyua milimita 302, anaandika x8, na ukuta umejaa. Ukibadili kimoja, labda umeamua rangi nyingine, vyote vinabadilika. Ukibofya kimoja, kidirisha cha pembeni kinakwambia viko vingapi kwenye mchoro mzima. Kisha anakata vinavyovuka mpaka wa ukuta na kuvipa rangi tofauti, ya njano, ili jicho lisihangaike kuvitafuta.

Hivyo vya njano ndivyo mchoro wenyewe. Vigae vizima havina maneno, vinajipanga. Ubishi wote wa bafu uko kwenye vilivyokatwa: viko wapi, vina upana gani, nani atavitazama kila asubuhi akipiga mswaki.

Tuchukue ukuta wa dirisha. Nilitaka vigae hadi darini, na dari ilipangwa kuwa mita 2.80. Ukianza na kigae kizima chini, safu tisa zinafika 2.716, na juu unabaki na utepe wa sentimita 8 na kidogo. Unaweza kuuficha kwa kugawa: safu nane nzima katikati, chini sentimita 19, juu sentimita 19. Ndivyo vitabu vinavyosema, na ndivyo nilivyotaka mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Lakini dirisha lilikuwepo. Chini yake ni mita 1.50, juu yake 2.10. Kwa mgawanyo ule, mwanya unapita sentimita 10 chini ya kizingiti cha dirisha, na vigae vya kona za dirisha lazima vikatwe kwa umbo la herufi L. Kukata L kwenye kigae ni kazi ya kuvunja vigae. Kona ya ndani ndiyo hupasuka, na mara nyingi hupasuka ukishalipia.

Kijana akaisogeza gridi yote kwa kipanya hadi mwanya ukakaa sawasawa na 1.50. Halafu akatulia, akahesabu kwenda chini: safu ya mwisho ikatoka milimita 292. Yaani kigae karibu kizima, kinapungua milimita 8 tu, na hizo zingepungua hata hivyo kwa sababu sakafu ya bafu huteremka kuelekea tundu la maji na safu ya chini hukatwa kufuata mteremko. Akahesabu kwenda juu: safu mbili juu ya kizingiti zikafika 2.104. Dirisha linaishia 2.10. Nilimwona akitabasamu peke yake. Lakini juu kabisa, darini, ukabaki utepe wa sentimita 9.

"Sasa huu utepe?" nikauliza.

"Dari imeshapigwa?"

Haikuwa imepigwa. Fremu za jipsamu zilikuwa bado zimeegemea ukuta wa korido. Akashusha mstari wa dari kwenye mchoro hadi 2.708, utepe ukapotea. Nilimpigia simu fundi jipsamu jioni ile kumwambia bafuni ashuke sentimita 9. Akasema sawa, kana kwamba nimemwagiza chumvi. Baada ya dari kupigwa, ombi hilohilo lingekuwa ugomvi na malipo mapya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchoro wa vigae haumhusu fundi vigae peke yake. Unamhusu wa jipsamu, wa umeme, na zaidi ya wote fundi bomba, kwa sababu matundu ya bomba hutobolewa ukutani wiki kadhaa kabla, mahali popote mkono ulipofika. Bomba likiangukia katikati ya kigae au sawasawa kwenye mwanya, linaonekana limekusudiwa. Likiangukia sentimita 3 kutoka ukingoni, kigae kinabaki na mdomo mwembamba unaosubiri kuvunjika. Letu la shawa lilikuwa hivyo, na lipu ilikuwa imeshakauka juu yake, kwa hiyo tulilisogeza kwenye mchoro na kuliacha palepale kwenye ukuta. Si kila kitu kilipona.

Kuna ubishi mmoja ambao kijana alishindwa, na ni haki niusimulie. Alitaka vigae vipangwe mtindo wa tofali, kila safu ikianzia katikati ya kigae cha chini yake. Kwenye skrini ulikuwa mzuri. Fundi, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuangalia kazi, hakubishana. Alichukua vigae viwili vya boksi letu, akavilaza uso kwa uso, akavibana upande mmoja. Upande wa pili ukaachia mwanga. Vigae virefu huwa na mgongo kidogo vikitoka tanuruni: katikati pamenyanyuka, ncha zimeshuka. Ukipanga nusu kwa nusu, unakutanisha mgongo wa kimoja na ncha za jirani zake, na ukuta unapata vidato ambavyo taa ya kioo huviona vyote. Viwango vya Marekani vinasema hivyohivyo: kigae chenye upande unaozidi sentimita 38 kisipishane zaidi ya theluthi moja. Fundi hakuwahi kusoma viwango vya Marekani. Alishawahi kubandua ukuta.

Tukabaki na mpangilio wa kunyooka.

Halafu kuna idadi. Njia ya dukani inajulikana: zidisha urefu kwa kimo, toa mlango na dirisha, gawa kwa 1.44, ambazo ni mita za mraba za boksi la vigae vinane vya 30 kwa 60, ongeza asilimia 10 za kuvunjika, au 15 kama unapanga mshazari. Hesabu hiyo hudhani kwamba kipande kilichobaki kitatumika mahali fulani. Mchoro unakwambia kama ni kweli. Ukuta wetu mmoja ulihitaji kipande cha sentimita 36 mwishoni mwa kila safu. Ukikata 36 kutoka 60, unabaki na pungufu kidogo ya 24, kwa sababu msumeno nao unakula milimita zake. Hicho cha 24 hakiwezi kuwa 36 kwa dua yoyote. Safu tisa, vigae tisa, masalia tisa. Tulipotazama ukuta wa mlango tukaona kipande kilichohitajika pale ni sentimita 22, basi masalia ya ukuta mmoja yakawa chakula cha mwingine, na boksi moja na kigae cha ziada tukaviacha dukani. Bila kuona kuta mbili kwenye karatasi moja, hakuna ambaye angejua. Tuliongeza maboksi mawili ya akiba hata hivyo. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vimefanya vigae vipatikane karibu na Dar es Salaam, lakini ukirudi dukani baada ya miezi sita, toleo lile la rangi linaweza kuwa limekwisha. Namba ya toleo na ya rangi huchapwa kwenye boksi, na maboksi yote yasome sawa kabla hujalipa.

Kijana alichapisha karatasi nne za A3 kwenye stationari ya karibu na chuo, moja kwa kila ukuta. Hazikuwa na rangi wala kivuli, na chupa yenye ua haikuwemo. Palikuwa na mistari, vipimo, vipande vya njano vilivyogeuka kijivu kwa sababu wino wa rangi ni ghali, na mshale mmoja mkubwa: ANZIA HAPA.

Fundi alizisoma akiwa amechuchumaa, kimya, kwa muda ambao nilianza kuogopa. Kisha akaomba penseli. Kwanza, mlango ulikuwa umechorwa bila fremu. Akaupanua kila upande. Pili, vimo vyote vilihesabiwa kutoka sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa bado haipo. "Sifuri yako iko hewani," alimwambia kijana. Alichukua mpira wake wa maji, ule mrefu unaoonyesha ndani, akapiga mstari wa leveli kuzunguka kuta zote mita moja juu ya sakafu itakayokuja, akaandika upya vimo vyote kutoka kwenye mstari huo, kwa sentimita, kwa sababu milimita 292 kwake ni "ishirini na tisa na pointi mbili". Akapigilia ubao ulionyooka mahali safu ya pili inapoanzia, akaanza kupanda kutoka hapo. Safu ya chini aliiacha ya mwisho kabisa, baada ya sakafu kumwagwa na mteremko wake kujulikana.

Na aliniambia ukweli ambao ningepaswa kuuliza tangu choo cha wageni. Analipwa kwa mita ya mraba. Akianza konani na kigae kizima, anakata upande mmoja wa chumba. Akisawazisha kama mchoro unavyotaka, anakata pande mbili. Mita ni zilezile, siku zinaongezeka. "Uzuri wa mchoro wako, mama, mimi ndiye ninayeulipia," alisema, bila hasira. Tulikubaliana kuta mbili zenye vipande vingi zilipwe kwa siku. Nadhani hapa ndipo michoro mingi ya vigae hufia: mwenye nyumba anaileta kama amri, kumbe ni kazi ya ziada iliyovaa karatasi.

Bafu liliisha. Mwanya wa dirisha uko sawa kwa ukucha. Bomba la shawa bado lina mdomo wake mwembamba, na umepata ufa. Choo cha wageni nimekiwekea kizulia mlangoni, kinachoteleza kila mtu akipita na kuuonyesha utepe upya.

Mwezi uliopita fundi alinitumia picha kwa WhatsApp. Ni kipande cha mfuko wa saruji, kimeandikwa kwa penseli yake: choo cha mteja mwingine, Kibamba. Chini yake aliuliza kijana angechora kwa shilingi ngapi. Nilikuza picha nisome vipimo. Kila ukuta ulikuwa na namba tatu, chini, katikati, juu, na mistari miwili ya kona kwa kona ilikuwa imepigwa mduara.